Siku Niliyogombana na Mpiga Kinanda

Kazini wananiita Redio. Jina hilo nililipokea kama sifa na kulivaa kama mkufu. Miaka ikapita ndipo nikatambua kwamba walionipa walikuwa na maana nyingine: nikishawaka, hakuna anayejua nazimwa wapi.

Kazi yangu ni kufua. Nafua katika hospitali kubwa, kule chini nyuma ya jengo, mahali ambapo wagonjwa hawafiki na madaktari wengi hawajui hata kama kupo. Mashuka yanatufikia kwa matoroli. Tunayachambua, yenye damu kivyake, ya wodi ya watoto kivyake, kisha tunayasukumia ndani ya mashine ambazo mtu mzima anaweza kujikunja humo akalala. Zikianza kuzunguka, sakafu inatetemeka hadi meno yanagongana. Za kukaushia zinavuma, ya pasi inafoka mvuke, na katikati ya makelele yote hayo nipo mimi, naimba.

Hapo ndipo nilipopata wazo kwamba mimi ni mwimbaji. Wenzangu walikuwa wakiniona mdomo wazi, mikono inapaa, macho nimeyafumba kwa uchungu wa mapenzi, wakanipigia makofi. Sasa hebu fikiri kidogo, jambo ambalo mimi sikulifanya: watu wale walikuwa hawanisikii. Walikuwa wananiona tu. Mtu pekee aliyesimama karibu nami kiasi cha kusikia lolote ni Mama Pacha, ninayekunja naye mashuka, na yeye huziba masikio kwa pamba. Aliniambia anaziba kwa sababu ya kelele. Sikumuuliza kelele ipi.

Ni Mama Pacha huyo huyo aliyeniletea habari. Alikuwa amesikia tangazo kwamba kundi moja la maigizo linatafuta waigizaji wa mchezo mpya wenye nyimbo na dansi. Halikuwa kundi la mtaani linaloigiza kwa soda. Hili lilikuwa na ukumbi wake, mapazia yanayofunguka yenyewe, na watu wanaolipwa mshahara kwa kuimba.

"Redio, nenda!" akaniambia. "Kipaji kama hicho kitaozea humu kwenye mvuke?"

Wengine wakadakia. Kwa ufupi, nilivikwa kilemba cha ukoka. Na mimi sikukikataa. Nilikifunga vizuri, nikajitazama kwenye kioo cha mlango wa mashine, nikaona kimenikaa.

Nikapiga simu. Dada wa mapokezi akanieleza kwamba mchezo wenyewe unahusu harusi inayovurugika, kisha akauliza ninaomba nafasi gani.

"Bibi harusi," nikajibu.

"Una umri gani, dada?"

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. "Umri wa kuolewa," nikasema. Sikuwa nimedanganya. Nilikwisha kuolewa na nikaachika, kwa hiyo hata uzoefu nilikuwa nao.

Akaniambia nije na wimbo mmoja, nguo za kuchezea, na nota za mpiga kinanda. Nikaitikia yote. Hizo nota nilidhani mpiga kinanda atakuja nazo mwenyewe, kama seremala anavyokuja na nyundo yake.

Nyumbani tunaishi watatu: mama yangu, mimi, na binti yangu ambaye bado yuko shuleni na ambaye, tangu aanze kukua, ananionea aibu kwa bidii kubwa kuliko anavyosoma hesabu. Niliwatangazia wakati wa chai.

"Usaili wa kazi gani?" mama akauliza. "Si una kazi?"

"Wa kuimba, mama."

Akaweka kikombe chini. "Kuimba wapi?"

"Jukwaani."

"Watu wakiwepo?"

"Ndiyo, mama, watu wakiwepo."

"Na wamelipa kiingilio?"

"Wamelipa."

Mama akakiinua tena kikombe. "Basi wavumilivu bado wapo duniani," akasema, akaendelea na chai yake.

Nikaanza mazoezi bafuni, kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba bafu linapendezesha sauti. Nilikuwa nimefika kwenye ubeti ule wa kuachwa, ule unaopanda, mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa jirani wetu wa juu, mwanamume mpole anayefanya kazi benki, kavaa ndara na ufunguo wa gari mkononi.

"Samahani," nilimsikia akimwambia binti yangu. "Nimekuja kuuliza kama mnahitaji kupelekwa hospitali."

"Hapana, mjomba," binti yangu akajibu. "Ndiyo kwanza ametoka huko."

Upande wa dansi, mwalimu wangu alikuwa binti huyo huyo. Tulisogeza viti, tukakunja zulia. Alikuwa ananionyesha hatua, nami nazifuata nyuma yake huku nikihesabu.

"Mama, usihesabu kwa mdomo."

"Nisipohesabu kwa mdomo nihesabu kwa nini?"

"Kichwani."

Kichwani mlikuwa mmejaa kuuza sura. Nilikwisha kujiona nimesimama mbele ya pazia, mashada ya maua yananiangukia, nami nainama kama mtu asiyetegemea. Kuinama huko ndiko nilikokufanyia mazoezi kuliko kitu kingine chochote.

Siku yenyewe msimamizi wetu aliniruhusu bila taabu. "Nenda," akasema. "Ukipata, usitusahau. Ukikosa, kuna mashuka ya chumba cha upasuaji yanakusubiri."

Nilivaa suruali ya mazoezi ya binti yangu. Kwake ni suruali. Kwangu ilikuwa adhabu. Nikikaa ilinishika pumzi, nikisimama ilinishika yote yaliyobaki. Juu nikatupia shuka langu la begani ili lifunike yaliyohitaji kufunikwa, nikaondoka.

Ule ukumbi una ukumbi mwingine mdogo wa nyuma, na kabla yake kuna ujia mrefu wenye mabenchi. Nilipofika ujia ulikuwa umejaa vijana. Wote wembamba, wote warefu, kila mmoja kama kapigwa pasi. Mmoja alikuwa amening'iniza mguu kwenye kizingiti cha dirisha kama mtu anayetundika koti, huku anazungumza na simu. Kijana mwingine aliponiona akasimama upesi kunipisha kwenye benchi.

"Karibu ukae, mama. Umemleta nani?"

"Nimejileta mwenyewe," nikamwambia.

Akasema "Aa," na ile "aa" ilikuwa ndefu.

Karibu yangu msichana mmoja alikuwa ameuelekea ukuta, midomo inamtetemeka: brrr, brrr. Nikamhurumia. Ujia ulikuwa na baridi kweli na yeye alivaa kitu kisicho na mikono. Nikavua shuka langu nikamfunika mabega.

Akageuka, akatabasamu. "Asante, mama, lakini sisikii baridi. Napasha sauti."

"Ipashe vizuri, mwanangu," nikajibu, kama mtu ambaye naye amepasha zake toka alfajiri. Nikalichukua shuka langu polepole. Alipogeuka nikajaribu na mimi ile brrr, kwa siri. Mate yakamrukia yule kijana wa benchi. Alijifuta tu, akahamia mwisho wa ujia.

Tukaitwa ndani, kwanza kwa dansi. Mwalimu wa dansi alikuwa mwanamume mdogo wa mwili, kanyooka kama sindano. Akatupanga mistari miwili inayotazamana, kila mtu na mwenzake. Wangu akawa yule msichana wa brrr. Hatua zenyewe hazikuwa ngumu: unanyoosha mikono mbele, unamwendea mwenzako, mnakutana, mnageuka, mnarudi. Binti yangu alikuwa amenifundisha mambo magumu kuliko hayo. Nikajiambia, leo watanitambua.

Muziki ukaanza. Msichana akanijia, mikono mbele.

Sasa, miaka yote ya kazi yangu, mtu akinijia mikono mbele huwa ni Mama Pacha na katikati yetu huwa kuna shuka. Mwili wangu haukuniuliza. Nilimwendea, nikamkabidhi pembe zangu mbili za shuka ambalo halikuwepo, kisha nikainama haraka kudaka mkunjo wa chini. Yeye alikuwa anageuka kama alivyofundishwa. Akajikwaa kwangu, akanipitia mgongoni, akatua upande wa pili kwa miguu yake yote miwili, maana alikuwa mchezaji kweli. Mimi nilibaki nimeinama, naogopa kunyooka, kwa kuwa nilikuwa nimesikia mshono wa ile suruali ukilalamika.

Muziki ukazimwa.

"Mama," mwalimu wa dansi akasema, "hatua hiyo umeitoa wapi?"

"Kazini."

"Basi irudishe huko."

Mtu mwenye akili angeondoka wakati ule. Mimi nikapiga moyo konde, nikajifunga shuka kiunoni kuziba ule mshono, nikarudi kwenye benchi kungoja zamu ya kuimba. Nilijifariji kwamba nyota wa mchezo hachezi sana. Nyota anasimama, na wengine wanamzunguka.

Kwenye kuimba tuliingia mmoja mmoja. Nyuma ya meza walikaa mwalimu wa dansi, bwana mmoja aliyekuwa kimya muda wote, na mwongozaji wa mchezo, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na miwani iliyoning'inia kifuani. Pembeni, kwenye kinanda, alikaa mzee mwenye tai na uso wa mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka.

Akaninyooshea mkono. "Nota."

Nikaupokea mkono wake, nikautikisa. "Nashukuru kukufahamu," nikasema.

Akautazama mkono wake, kisha akanitazama mimi. "Nota zako za muziki ziko wapi?"

"Nilidhani tutatumia zako."

Akashusha pumzi, akauliza wimbo gani. Nikamtajia. Ni wimbo wa zamani ambao kila mtu anaujua, akaupata mara moja, akagonga mwanzo wake, akanipa ishara kwa kidevu.

Na hapo ndipo nilipogundua tatizo. Chumba kilikuwa kimya. Mimi maishani mwangu sikuwahi kuimba katika ukimya. Hata bafuni nilifungulia maji. Nikafungua mdomo, sauti ikatoka, na nakuapia nilitaka kugeuka nione nani ameingia. Ilikuwa kubwa, ya kukwaruza, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Yule bwana wa kimya aliegemea nyuma kidogo kwenye kiti, kama anayepisha gari.

Nilivyofika kwenye ule ubeti wa kuachwa nikapanda, kwa sababu ndipo pa kupanda, na sauti ikanikatikia juu kwa mlio wa mlango wa kabati. Mzee wa kinanda, najua sasa, alikuwa na roho nzuri: aliona nimezidiwa, akashusha muziki ili anipokee chini. Mimi nilihisi tu ardhi imehama. Nikashuka kumtafuta. Yeye akaona nimeshuka mno, akapanda kuniokoa. Mimi nami nikapanda. Tukapishana hivyo kama watu wawili kwenye ngazi, kila mmoja akimtafuta mwenzake kwenye ghorofa aliyokwisha kuiacha.

Nikanyamaza katikati ya mstari. Suruali ilikuwa imenibana. Mtu mwingine angelia. Mimi mikono ilijishika kiunoni yenyewe.

"Wewe kaka," nikasema, "mbona unanikimbia?"

Mzee akageuka. "Nakufuata, mama."

"Unanifuata? Nikipanda unashuka, nikishuka unapanda! Ndiyo kufuatana huko?"

"Umeanzia juu mno."

"Nilianzia pale ulipogonga wewe! Hapo, kwenye hicho cheupe! Sasa umehamia kwenye vyeusi bila kuniambia!"

"Mimi sijahama."

"Basi nani kahama? Kinanda?"

"Nimepiga kinanda hiki kabla hujazaliwa!" mzee akasema, na sasa uso wake ulikuwa umeamka.

"Ndiyo maana kimechoka! Na wewe umechoka! Si mseme tu mmechoka, mpumzike wote wawili, watu wazima tutafute redio!"

Nilipotamka neno hilo la mwisho nikajisikia. Chumba kizima kilikuwa kimya tena. Mwongozaji alikuwa ameinamia meza, paji la uso kwenye viganja, mabega yanamtikisika. Nikajua nimemuumiza mtu wa watu. Nikaanza kukusanya shuka langu na mkoba, naomba radhi kwa wote, kwa mzee, kwa kinanda, nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Usiende," mwongozaji akasema. Alipoinua uso macho yalikuwa na machozi, lakini mdomo ulikuwa unacheka. "Rudia hiyo."

"Wimbo?"

"Hapana, hapana." Alikataa haraka kuliko ilivyohitajika. "Wimbo tumeusikia. Rudia huo ugomvi. Ila safari hii uimbe."

"Mama yangu, siwezi kugombana hivi hivi," nikamwambia. "Mimi sigombani bila sababu."

Mzee wa kinanda, bila kuinua kichwa, akasema: "Umevaa suruali ya mtoto."

Nikawaka. Sikumbuki yote niliyoimba. Nakumbuka nilianza na suruali, nikaenda kwenye tai yake, nikapitia nota na nyundo za maseremala, na kila nilipovuta pumzi mzee alinigongea kitu chini yake, pa, pa, pam, kama mtu anayenichochea jiko. Sikuwa nimefumba macho. Mikono haikupaa. Sauti ilikuwa ile ile ya kukwaruza, lakini ilikwenda nilikoituma na ikafika. Nilipomaliza nilikuwa nahema, na yule bwana wa kimya alikuwa amesogeza kiti mbele.

"Asante," mwongozaji akasema, anajifuta macho. "Tutakupigia."

Nilirudi kazini, nikamwambia kila mtu kwamba nimepata au nimekosa, moja kati ya hayo mawili. Siku chache baadaye simu ikalia mfukoni mashine zote zikiwa zinazunguka. Nikasikia sauti ya mwanamke ikisema "tungependa" na "nafasi." Watu wa kuuza bima hunipigia sana. Nikapaza sauti juu ya kelele: "Sihitaji!" nikakata. Akapiga tena. "Dada, nimesema sihitaji! Mtafute mwingine!" Nikakata tena, nikamlalamikia Mama Pacha jinsi watu wa siku hizi wasivyo na adabu.

Jioni nilimkuta mama ameketi mlangoni. Namba yake ndiyo niliyokuwa nimeiacha pale mapokezi kama namba ya pili.

"Kuna mwanamke amenipigia," akasema. "Anasema unafokea watu kwenye simu."

Nikaketi kando yake.

"Anasema hiyo ndiyo sababu hasa wanakutaka."

Nafasi yenyewe haikuwa ya bibi harusi. Bibi harusi alikuwa yule msichana wa brrr. Mimi nilipewa shangazi wa bwana harusi, anayeingia bila kualikwa, anavuruga shughuli kwa wimbo mmoja mrefu, kisha anatoka. Na usifikiri nilifurahi. Nilinuna. Mimi, niliyechana suruali na kumtemea mtu mate, nilinuna jioni nzima kwa kuwa sikupewa shela.

"Umegombana na watu bure maisha yako yote," mama akaniambia. "Leo umepata wa kukulipa, unanuna?"

Binti yangu alicheka hadi akalala chini. Baadaye alikuja chumbani kwangu, akanikumbatia kwa nyuma upesi upesi, akaondoka kabla sijageuka.

Msimamizi alinipangia zamu za asubuhi ili mchana niende mazoezini. Mzee wa kinanda alinifundisha mahali pa kuvuta pumzi. Tuligombana kila siku na sikuwahi kufurahia kazi namna ile. Mwalimu wa dansi naye alinipa hatua moja tu kwa mchezo mzima, ya kusimama, na bado aliisimamia kwa karibu.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana. Safu nzima ya katikati ilikuwa ya wenzangu wa kufua, Mama Pacha akiwa ameitoa pamba yake. Nilipotokea jukwaani wimbo ulitoka. Nilikuwa namwimbia bibi harusi kwamba hana adabu, hana salamu, hajui hata kumwangalia mtu usoni, ndipo sauti ya mwanamke nisiyemjua ikapanda kutoka mstari wa tatu:

"Mwache mtoto wa watu!"

Hilo halikuwamo kwenye mchezo. Kilichonipasa kufanya ni kuendelea. Mimi nikageuka, nikamwimbia yeye, kwenye muziki huo huo: "Na wewe ni nani wake?"

Mama wa watu akasimama, mkoba kwapani. "Mimi ni shangazi yake!"

Ukumbi ukalipuka. Tulijibizana, yeye chini, mimi juu, na mzee wa kinanda akawa anarudia kipande kile kile, anazungusha tu, anatungoja tumalize. Bibi harusi alikuwa ameficha uso kwenye shela, mabega yanacheka. Mwishowe yule mama alikaa, watu wakampigia makofi kuliko walivyonipigia mimi.

Nyuma ya pazia mwongozaji alinisubiri, miwani mkononi. "Kesho," akasema, "mtu akikujibu, usimjibu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikamwambia, na nilikuwa namaanisha.

Kesho yake yule mama alikuja tena. Safari hii alikuja na dada zake, wakakaa mstari wa mbele.